Mlima Uliokaa Upande Usio Wake

Tangu nirudi Ujiji mmeniuliza mambo mawili tu, kila mmoja kwa zamu yake: theluji ikoje, na dada yangu yu hali gani. La theluji ni jepesi. Siku ya kwanza ni nyeupe, siku ya tatu ni tope. La dada yangu siwezi kulijibu nimesimama mlangoni pa karakana na patasi mkononi, ndiyo maana nimekaa chini nikaandika. Mwenye haraka aruke mpaka mwisho, lakini akinijia na maswali simjibu.

Kwa wasiomjua, dada Vumilia ni mtoto wa mama yangu. Tulizaliwa Katenga, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Yeye alikuwa msichana wa kubeba maji wakati mimi nabebwa mgongoni, na mgongo wenyewe ulikuwa wake. Nikiwa na miaka saba nililetwa Kigoma kwa baba mdogo, nikajifunza kuchonga mihuri ya mbao ya kuchapia vitambaa, nikabaki moja kwa moja. Dada alikaa Katenga mpaka vita vilipowatoa. Kijiji kilichomwa, watu wakatawanyika, yeye akapita kambini na binti yake Neema, wakaishia Stockholm, nchi ya Sweden. Hakuna aliyerudi kujenga. Picha ya nyumbani hatuna hata moja.

Sasa, Neema anasoma chuo huko. Siku moja, katika jumba moja la makumbusho, akakuta kazi za fundi wa Kiswidi wa karne ya kumi na tisa, mtu aliyechonga mandhari kwenye mbao na kuyachapa karatasini. Picha moja ilikuwa ya ziwa na mlima, na chini yake pameandikwa Katenga. Mtoto akatoa kopi, akaitia fremu, akampa mama yake. Dada alilia kwa furaha. Kesho yake asubuhi akasema: "Mlima umekaa upande usio wake."

Neema alicheka. Lakini dada aliendelea kusema vilevile wiki baada ya wiki, na wakati huohuo alikuwa ameanza kuunguza sufuria na kuchanganya siku. Neema akaliweka la mlima pamoja na la sufuria, akaanza kuulizia nyumba ya kutunzia wazee wenye kusahau. Ndipo dada akanipigia simu.

"Mose, wewe ni wa Katenga. Njoo uitazame hiyo picha, useme mbele ya mwanangu. Kama ni mimi niliyechanganyikiwa, sema. Kama ni picha, sema. Utakalosema nitalikubali."

Mambo ya pasi na tiketi nayaruka, yalinichosha mara moja na sitaki yanichoshe tena.

Kigoma mpaka Dar, kwa reli

Mvua ilikata njia kabla ya Tabora. Tulikaa porini siku nzima na asubuhi ya pili, injini imezimwa, watoto wanalia, wauza mihogo wa vijiji vya karibu wamejaa madirishani kama walikuwa wanatungoja. Mkabala nami alikaa mama mmoja wa Urambo, mfanyabiashara wa asali, na ndoo zake tatu kaziweka chini ya miguu yangu bila kuniomba.

"Kaka, unakwenda wapi na uso huo wa msiba?"

"Ulaya."

"Makubwa! Ulaya watu huenda wanacheka."

Nikamweleza yote, maana muda tulikuwa nao. Alisikiliza huku anamenya muhogo. Kisha akaniuliza kama mimi mwenyewe naukumbuka huo mlima. Nikasema naukumbuka kidogo. "Kidogo kiasi gani?" Nilikumbuka moshi wa samaki, na kichogo cha dada yangu nikiwa mgongoni, na baridi ya maji. Mlima nilijua tu kwamba ulikuwepo.

"Basi usiende kuhukumu," akasema. "Nenda ukaangalie. Nyie wanaume mna pupa ya kuhukumu." Akanijazia chupa ya asali nimpelekee dada, na hela akazikataa katakata. Ningemsikiliza vizuri siku ile, ningejiepusha na aibu iliyonikuta.

Angani, na benchi la Arlanda

Ya angani ni machache. Waliniletea chakula kwenye sinia lenye vikopo. Kimoja niliona cheupe, nikajua ni maziwa, nikamimina kwenye chai. Kumbe ni mchuzi wa siki wa kachumbari. Niliinywa hivyohivyo, maana jirani yangu alikuwa ananitazama.

Arlanda, uwanja wa ndege wa Stockholm, niliambiwa nisiondoke mlangoni, nitapokewa na Mzee Bahati, Mkongomani anayesali na dada. Sikuondoka. Kumbe milango ni mingi, na yeye naye hakuondoka kwenye wake. Saa mbili nzima nilikaa kwenye benchi. Watu wanapita, hakuna anayesalimu. Alikaa mzee mmoja wa Kizungu kwenye ncha ya benchi, mvi tupu, nikaona si adabu kunyamaza. Nikamwambia, "Shikamoo." Akageuka nyuma kuangalia ninayemwamkia.

Mzee Bahati alipotokea alikuwa anatweta. "Aksanti Mungu! Kaka, minakutafuta tangu asubuyi! Vaa hii koti, baridi ya huku haina huruma." Koti lilikuwa la mtu mnene kuliko mimi mara mbili. Ndani ya basi nikamwuliza habari za dada. Alitazama nje kwanza, misonobari na misonobari. "Siku ingine iko muzuri sana, anatuongoza kuimba. Siku ingine anauliza bwana yake iko wapi. Bwana yake alikufa kambini, unajua." Nilijua.

Hallonbergen

Dada anakaa Hallonbergen, ghorofa ya nne, majengo marefu yaliyopangwa bega kwa bega juu ya kituo cha treni ya chini ya ardhi. Alifungua mlango kabla sijabisha. Akanishika uso kwa mikono yote miwili.

"Umezeeka, Mose."

"Wewe je, dada?"

"Mimi nimezeeka kwa baridi. Wewe umezeeka kwa nini?"

Tukalia, tukacheka, Neema akalia naye. Dada alikuwa amepika sombe, yaani kisamvu, na samaki wa huko, asiye na miiba wala ladha, na ugali wa nguvu hasa. Neema aliniamkia Kiswahili kizuri, lakini mama yake akimsemesha anajibu Kiswidi. "Jo, mamma. Jo." Ndiyo, mama. Dada hana habari, anaendelea na Kiswahili chake, na wanaelewana.

Nikatoa asali. Dada akaonja kwa kijiko, akafumba macho. "Ya wapi hii?" Ya Tabora, nikamwambia. Tukazungumza habari za safari, za watoto wangu, za bei ya dagaa. Akaonja tena. "Ya wapi hii, Mose?" Ya Tabora, dada. Neema aliinamisha kichwa. Sahani zilipoondolewa akauliza mara ya tatu, kwa sauti ileile na furaha ileile.

Nadhani ndicho kilichoniharibu. Maana saa hiyohiyo ndipo nilipoongozwa kwenye picha.

Ilitundikwa sebuleni juu ya televisheni. Ziwa, mitumbwi, pwani yenye watu wadogo kama punje za mtama, mlima mkubwa kushoto, mto kulia. Kopi yenyewe ilififia. Dada alisimama pembeni yangu wima kama yuko mahakamani.

"Ukiwa ziwani unaitazama Katenga," akasema taratibu, "mlima Lukungu uko kulia kwako, na mto uko kushoto. Jua likizama linajificha kwanza nyuma ya nyumba za kwa Mwenda, upande wa mto. Nimelitazama maisha yangu yote. Sasa sema."

Nikaitazama. Na hapa ndipo ninapojionea haya. Sikuwa nakumbuka mlima ulikuwa upande gani, lakini baada ya dakika moja ya kuitazama ile picha nikaanza kuona kwamba nakumbuka. Nikauona Lukungu kushoto, kabisa, kama niliuacha jana. Picha ilikuwa imechapwa, ina maandishi, imetoka jumba kubwa. Na dada yangu alikuwa ameuliza habari za asali mara tatu.

"Dada," nikasema, "naona picha iko sawa."

Hakubisha. Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaketi. "Nilisema nitakubali. Nimekubali." Nilidhani Neema atafurahi kwamba nimemuunga mkono. Aliingia chumbani akafunga mlango, tukamsikia analia.

Jakobsberg

Siku tatu dada alinipikia, alinifulia, lakini hakunisemesha ila kwa haja. Jumapili tulipanda treni mpaka Jakobsberg wanakosali, ukumbi wa kukodi, Wakongomani na Warundi wengi, Wanyarwanda wachache, na mama mmoja wa Kenya mwenye sauti ya kupasua bati. Dada aliimba nyimbo zote bila kitabu, beti zote, hakukosea neno. Kisha akanitambulisha kwa wanawake wenzake: "Huyu ni mdogo wangu. Nilimbeba. Amekuja kunikana." Wakacheka wakidhani ni utani. Mimi nilitamani sakafu ipasuke.

Baada ya ibada, Mzee Bahati alinivuta kando, kikombe cha chai mkononi.

"Kaka, ile uliona nyumbani ni nini? Ni fotokopi. Wewe fundi wa mbao, unahukumu kazi ya fundi mwenzako kwa fotokopi? Muende muone yenyewe."

Alisema kwa upole lakini nilihisi nimepigwa kofi. Miaka arobaini nachonga, na mteja akiniletea picha ya simu ya kitambaa humwambia alete kitambaa chenyewe. Nikamwambia Neema atuombee nafasi. Dada hakutaka. "Mmeshanihukumu, mnanipeleka wapi tena?" Mzee Bahati ndiye aliyemwambia, mama, nenda, hata mimi ningependa kujua. Kwake alikubali.

Mjini, chumba cha picha

Ilikuwa Jumatano. Kutoka kituoni tulitembea kando ya maji, mabamba ya barafu yanagongana taratibu, dada kanishika mkono kwa ajili ya utelezi tu, alinieleza hivyo. Kwenye jumba tulivuliwa makoti na mikoba, tukanawishwa mikono, kalamu za wino zikakatazwa, tukapewa penseli.

Mtunza picha alikuwa mama wa makamo, nywele fupi za kijivu, mpole wa kunong'ona. Kwanza alitukaribisha kwenye kijichumba cha nje tunywe kahawa na maandazi ya mdalasini. Nikasema hapana asante, kama mtu yeyote aliyelelewa, nikingoja anisihi mara ya pili na ya tatu. Akasema "Jaha," yaani haya basi, akaichukua birika akaondoka nayo. Dada, ambaye alishakubali mara ya kwanza, alikuwa anatafuna. "Huku neno lako ndilo neno lako," akaniambia. Yalikuwa maneno yake ya kwanza marefu kwangu tangu Alhamisi niliyofika, na yalinichoma.

Ndani, aliweka mezani boksi, akatoa karatasi moja moja, akizishika kwa ncha za vidole. Jamani, ngoja niseme ukweli: yule mtu alikuwa fundi. Alichonga maziwa ya kwao, maporomoko, misonobari, visiwa vya mawe. Anga lake ni mistari myembamba kuliko unywele, na maji hakuyachonga kabisa, aliuacha weupe wa karatasi ukae, na ukiutazama unaona maji. Nilipitisha kidole hewani juu ya mistari yake nikijaribu kuhisi patasi ilipopita. Kuna mahali pagumu, kwenye matete, ambapo mimi ningevunja mbao. Yeye hakuvunja. Mtunza picha alieleza, Neema akitafsiri, kwamba fundi huyo hakuwahi kuondoka Sweden maisha yake yote. Nchi za mbali alizichonga kutokana na michoro ya wasafiri, kwa ajili ya vitabu vyao.

Kisha akaiweka Katenga. Mlima kushoto, mto kulia, vilevile. Dada aliangalia mara moja, akageuza uso dirishani.

Mtunza picha akanipa kioo cha kukuzia. Nilianza na mitumbwi, nikaja pwani, kwa wale watu wadogo ambao kwenye kopi walikuwa punje. Walikuwa wamechongwa kila mmoja na sura yake. Mwanamke anapepeta. Mtu anashona wavu. Na wanaume watatu wamezunguka bakuli, wanakula.

Nikakirudisha kioo juu yao. Nikatazama tena. Wote watatu walikuwa wanakula kwa mkono wa kushoto.

"Neema," nikasema, "njoo uone mikono."

Akaona, lakini hakuelewa, mtoto wa kule. Nikamwuliza: ulishamwona mtu wa kwetu, hata mmoja, anatia mkono wa kushoto kwenye bakuli la pamoja? Hata mtoto anayezaliwa akitumia kushoto hufundishwa kula kwa kulia. Mmoja labda. Watatu? Nikamwangalia mshona wavu: sindano mkono wa kushoto. Nikaomba turudishiwe picha za Sweden. Wavunaji wao, wapiga makasia wao, mama anayekata mkate: kulia, kulia, kulia.

Hapo nikakaa. Somo la kwanza kabisa analopewa mwanafunzi wa kazi yangu ni kwamba ubao hugeuza. Unachochonga kulia hutoka kushoto. Kabla ya kuchonga unaugeuza mchoro. Niliwahi kuchonga muhuri wa kwaya na kusahau, vitenge vikatoka na jina la Bwana linasomeka kinyumenyume, nikakimbiwa na wateja mwaka mzima. Na mimi huyo ndiye niliyesimama mbele ya picha iliyochapwa kwa ubao nikamwambia dada yangu kwamba yeye ndiye aliyekosea. Maandishi yalinidanganya, yalisomeka vizuri. Kumbe maandishi yalipangwa peke yake kwa herufi za madini ya risasi, baada ya picha.

Nilimweleza mtunza picha. Alibisha kidogo, akaazima kioo, akatazama mikono kwa muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo Neema alilitafsiri kwa sauti ya chini. Kwenye picha za nchi yake, fundi aliuhamisha mchoro kwa uangalifu, akaugeuza. Hii inaonekana aliunakili moja kwa moja kwenye ubao. Labda alikuwa na haraka. Angekosea picha ya Stockholm, watu wangemlalamikia siku hiyohiyo.

Nilikasirika, na hasira hiyo nimerudi nayo. Ile mikono ya fundi naiheshimu. Lakini alijua kugeuza, akaona si lazima, kwa kuwa ni nani wa Katenga atakayekuja kumwuliza mlima uko wapi? Na kumbe alikuja. Alikuja na mtoto mkononi, akafagia ofisi za mji uleule miaka mingi, na alipouliza, sisi ndugu zake tukamwona mgonjwa.

Nikamgeukia. "Dada, nisamehe. Ni picha. Si wewe."

"Nilijua," akasema. Hakutabasamu.

Mtunza picha aliichukua ile karatasi, nyembamba sana, akailaza kifudifudi juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake. Mwanga ukapenya. Tukaiona picha kwa nyuma, na Lukungu ukawa kulia.

Dada alinyanyuka. Aliweka viganja ukingoni mwa meza, akainama. Machozi yalimtoka bila kubadilika uso. Halafu akamwita Neema, kwa Kiswahili, na Neema akajibu kwa Kiswahili.

"Naam, mama."

"Chukua penseli uandike. Andika sasa, nikiwa bado najua."

"Mama, usiseme hivyo. Ulikuwa sawa. Umesikia, ulikuwa sawa."

"La mlima nilikuwa sawa. Sufuria niliunguza kweli. Usinifanye mtoto, Neema. Hiyo nyumba yenu ya wazee nitakwenda siku ikifika, lakini sitakwenda kwa sababu ya mlima. Andika."

Neema akaandika. Dada alionyesha kwa kidole bila kugusa. Huu Lukungu. Huu mto Nyabibi, na hapa ndipo tulipovuka, kiangazi maji ya magoti. Hapa kwa Mwenda, wafinyanzi. Hapa kisima cha kina mama, wanaume hawakukanyaga. Hapa walianikia dagaa. Mama amelala hapa, kwenye mteremko, si juu, watu watakwambia juu, usiwasikilize. Neema aliandika haraka, akiuliza herufi, na dada akimsahihisha matamshi mpaka alitamke sawasawa. Mimi nilikuwa nasikia majina ya kwetu, mengi kwa mara ya kwanza.

Kidole kikafika kwenye rasi ndogo mwisho wa ghuba, yenye vibanda vitatu.

"Na hapa, mama?"

"Hapa tulikuja kila siku. Hapa..." Midomo ilicheza. Akafumba macho, akafumbua. Alijaribu tena, nikaona analitafuta, na nikaona limemkimbia. "Kulikuwa na jina. Muulize mjomba wako."

Neema akanitazama, penseli juu ya karatasi. Nikaitazama ile rasi. Nilitafuta kila mahali kichwani mwangu.

"Sijui," nikasema.

Neema akaacha nafasi wazi, akaendelea na mstari unaofuata.